MAYAI YA KUATAMIA

Chukueni mayai mawili, mkayaweke juu ya meza ya darasani. Moja limetagwa na kuku aliyekaa pamoja na jimbi. La pili limetagwa na kuku ambaye hajapata kukaa na jimbi kamwe. Yatazameni sana. Rangi yake ni moja, uzito wake ni mmoja, na mkiyakaanga ladha yake ni moja. Walakini mkiyaweka chini ya kuku mwenye kuatamia, siku ya 21 moja litatoa kifaranga, na la pili litatupwa.

Tofauti yote imo ndani, wala jicho la mnunuzi haliwezi kuiona. Kwa sababu hiyo kazi ya kuuza mayai ya kuatamia si sawa na kazi ya kuuza mayai ya kula. Yai la kula likiwa bovu, mnunuzi hujua siku ile ile anapolipasua. Yai la kuatamia likiwa bovu, hujulikana baada ya majuma matatu. Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kufuga kundi la kuku waliochanganyika damu, ili tuuze mayai yao kwa watu wanaotaka vifaranga.

1. Kosa langu la kwanza

Nalikuwa mwalimu kijana nilipoanza kazi hii. Nalikuwa na kuku 9 wa kienyeji na jimbi mmoja mwekundu wa kigeni. Majirani waliona ya kuwa vifaranga wangu wana miguu minene na hukua upesi, wakatamani mbegu yao. Siku moja mama mmoja, mjane, alikuja na kikapu chake.

"Hodi, Mwalimu. Koo wangu ameanza kuatamia. Niuzie mayai kumi na mawili."

"Karibu, Mama. Yapo, tena mazuri," nalimjibu.

Mayai hayo nalikuwa nimeyakusanya kwa muda wa siku 18. Nalikuwa nimeyaweka katika kapu juu ya dari ya jikoni, ili panya wasiyafikie. Na chini ya dari hiyo moto ulikuwa ukiwaka asubuhi na jioni. Sikumwambia mama yule habari hiyo, kwa kuwa sikujua ya kuwa ni neno la kuambiwa.

Baada ya majuma matatu alirudi, amechukua mayai 10 katika kikapu kile kile. Vifaranga walikuwa wametoka wawili tu. "Mwalimu," akasema, "sikuja kugomba. Nataka kujua tu, kosa ni la kuku wangu ama la mayai yako?"

Tulikwenda nyuma ya nyumba, tukayapasua moja moja. Matatu hayakuwa na kitu ila ute na kiini. Saba yalikuwa na duara ya damu, kama uzi mwekundu. Maana yake vifaranga walianza kuumbwa, wakafa mapema.

"Kosa ni la mayai, Mama," nikasema.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Fedha si neno kubwa. Lakini koo wangu amekaa siku ishirini na moja, amekonda. Na kwa vifaranga wale nalitaka kumnunulia mwanangu madaftari."

Naliona haya sana. Nalimpa mayai mengine bila fedha, lakini siku 21 za koo wake sikuweza kumrudishia. Tangu siku ile nalianza kujifunza kazi hii upya, na mambo niliyojifunza ndiyo haya.

2. Uhai ulio ndani ya yai

Watu wengi hudhani ya kuwa yai ni kitu kisicho na uhai mpaka koo alikalie. Sivyo. Yai lenye mbegu hutagwa likiwa limekwisha kuanza uhai wake, kwa maana lilipokuwa bado tumboni mwa kuku lilikuwa katika joto. Likisha kutagwa hupoa, na uhai ule hulala usingizi. Mkilipasua yai kama hilo katika sahani, mtaona juu ya kiini doa jeupe lenye umbo la duara kama pete. Katika yai lisilo na mbegu, doa hilo ni dogo, zito, wala halina pete.

Usingizi huo una masharti yake. Yai likiwekwa mahali pa baridi ya kadiri, joto la digrii 15 hata 18, hulala salama. Likiwekwa mahali pa joto, uhai wake huamka nusu nusu, huanza kukua kwa udhaifu, na mwisho hufa. Hivyo ndivyo yalivyopata mayai yangu juu ya dari. Tena hata mahali pazuri yai halilali sikuzote. Lililo bora halijapita siku 7 tangu kutagwa. Kila siku ipitayo baada ya hapo hupunguza nguvu zake.

3. Kupanga kundi

Wazee wetu wana majina mazuri ya kuku kwa umri wao. Jike asiyeanza kutaga huitwa tembe. Mwenye kuzaa huitwa koo. Dume ambaye hajawa jimbi kamili huitwa pora. Mfugaji wa mayai ya kuatamia yampasa kujua kila mmoja katika kundi lake ni yupi, na mzazi wake ni nani.

Jimbi mmoja hutosha makoo 10. Mkimpa wengi mno, baadhi ya makoo watataga mayai yasiyo na mbegu. Wala msidhani ya kuwa majimbi wawili kwa makoo 10 ni baraka mara mbili: watapigana, na kila mmoja atamzuia mwenzake. Jimbi awe mwenye miguu imara, macho maangavu, na sauti ya kuwika. Tena asiwe ndugu wala mtoto wa makoo wake. Kuku wa damu moja wakizaana miaka mingi, mayai huwa dhaifu na vifaranga wengi hufa katika kaka. Kwa hiyo ni desturi njema kubadilishana majimbi na mfugaji wa mbali kila baada ya mwaka mmoja ama miwili.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, husema wahenga. Mfungeni jimbi mgeni mahali pake peke yake majuma mawili au matatu, mpate kujua kama ana ugonjwa, kabla hajaingia katika kundi. Akisha kuingia, ngojeni majuma mawili ndipo mkusanye mayai ya kuuza. Na ikiwa kabla yake palikuwa na jimbi mwingine, ngojeni majuma matatu. Kwa maana mbegu ya jimbi hukaa katika mwili wa koo siku nyingi, na vifaranga wa kwanza huweza kuwa wa baba yule aliyekwisha kuondoka.

4. Damu mbili katika yai moja

Kuku wa kienyeji ana akili nyingi. Hujitafutia chakula, humkimbia mwewe, huvumilia jua, na huatamia kwa bidii. Walakini mwili wake ni mdogo, na hutaga mayai machache, kisha hukaa kuatamia. Kuku wa kigeni, kama yule mwekundu aitwaye Rhode Island Red, huweza kupita mayai 200 kwa mwaka akilishwa vema. Lakini hana desturi ya kuatamia sana, wala hajui hila za mwewe wetu. Jimbi wa kigeni akikaa na makoo wa kienyeji, watoto wao huitwa chotara. Hao huwa wakubwa kuliko mama zao, tembe wao hutaga zaidi, na bado wana ugumu wa kienyeji.

Wako watu wanaodharau chotara. Na wajue ya kuwa hata Rhode Island Red mwenyewe alianza hivyo. Wakulima wa Marekani, katika jimbo la Rhode Island na jirani yake Massachusetts, walichanganya kuku wekundu walioletwa kwa merikebu kutoka Asia pamoja na kuku wao. Walichagua waliokuwa bora, wakawatenga, wakachagua tena, miaka mingi, mpaka mwaka 1904 ndipo kabila hilo lilipoandikwa rasmi katika orodha ya kuku wa Marekani. Kuchanganya kulikuwa kazi ya siku moja. Kuchagua kulikuwa kazi ya maisha.

Hapa ndipo wafugaji wengi hukosea. Watoto wa kwanza wa jimbi wa kigeni na makoo wa kienyeji hufanana sana. Lakini mkiwaachia pora chotara na tembe chotara wazaane wao kwa wao, wajukuu huja wa kila namna: mmoja mkubwa, mmoja mdogo, mmoja hutaga sana, mmoja kidogo. Kwa hiyo, ikiwa mnataka kuuza mayai ya chotara, wekeni makoo wa kienyeji waliochaguliwa na jimbi wa kigeni wa damu safi, na pora chotara wauzeni kwa nyama kabla hawajawa majimbi.

Hata katika sura msiahidi msichokijua. Wengi hupenda kuku wa kishingo, kwa sababu shingo yake isiyo na manyoya humsaidia kuvumilia joto. Jimbi wa kishingo ambaye mzazi wake mmoja tu alikuwa kishingo, akikaa na makoo wenye manyoya shingoni, karibu nusu ya vifaranga wake watakuwa kishingo na nusu hawatakuwa. Basi mwuzaji asiseme, "Wote watakuwa kishingo." Na aseme, "Nusu, kwa kadiri."

5. Chakula na afya

Kuku wa mayai ya kula akikosa mboga za majani, huenda akaendelea kutaga, wala mnunuzi asione neno. Lakini kifaranga aliye ndani ya yai hana chakula kingine ila kile mama yake alichomwekea. Makoo wasipopata majani mabichi, na dagaa au wadudu, na makombe ya pwani yaliyopondwa au chokaa, maganda huwa mepesi na vifaranga hufa kabla ya kutoka. Nafaka na pumba peke yake hazitoshi.

Magonjwa nayo ni mawili kwa namna yake. Uko ugonjwa kama mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaoweza kumaliza kundi zima kwa siku chache. Huo hauna dawa ya kuuponya, bali una chanjo. Iko ya matone ya jicho, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi 3. Tena uko ugonjwa wa kuhara kweupe, ambao hupita kutoka kwa koo hata ndani ya yai, ukamwua kifaranga katika siku zake za kwanza. Mwenye kuuza mayai ya kundi lenye ugonjwa huo hauzi kuku. Anauza maradhi, na kuyapeleka nyumba kwa nyumba. Mkiona vifaranga wenu wengi wanakufa wenye uchafu mweupe nyuma, acheni kuuza mara moja, mkamwite bwana mifugo awapime makoo.

6. Kukusanya na kuweka

Wekeni kiota kimoja kwa makoo wanne, chenye nyasi kavu zinazobadilishwa mara kwa mara. Okoteni mayai mara mbili au tatu kwa siku, jua lisiyapate. Kwa kalamu ya risasi andikeni tarehe juu ya kila yai.

Kisha chagueni. Acheni kwa kula yai dogo mno, na lililo kubwa mno, kwa maana huenda lina viini viwili. Na lililo duara kama mpira. Na lenye ufa. Na lenye ganda jepesi. Na lenye uchafu mwingi. Msiyaoshe mayai ya kuatamia. Juu ya ganda pana utando mwembamba unaozuia vijidudu visiingie katika vitundu vidogo vya ganda, na maji huuondoa. Njia bora ni kuweka kiota safi, ili mayai yasihitaji kuoshwa.

Mahali pa kuyaweka pawe na baridi na kivuli. Katika nchi za joto fukieni nusu ya chungu kikubwa katika mchanga, mkautie mchanga maji kila siku. Ndani ya chungu wekeni pumba kavu, na mayai juu yake, ncha nyembamba chini. Maji yanapokauka mchangani hupunguza joto la chungu, kama vile mtungi unavyopoza maji ya kunywa.

7. Kujaribu kabla ya kuuza

Mwuzaji hawezi kuona ndani ya yai analouza, lakini aweza kuwajua makoo wake. Kila mwezi chukueni mayai 12 ya kundi lenu, myaweke chini ya koo wenu wenyewe. Siku ya 7, usiku, chukueni sanduku dogo lenye tundu ubavuni, mtie taa ndani, mkaweke yai mbele ya tundu. Yai lenye kifaranga huonyesha mishipa kama miguu ya buibui. Lisilo na mbegu huwa angavu tupu. Lenye duara ya damu limekufa.

Andikeni hesabu katika daftari: yaliyowekwa, yenye mbegu, na vifaranga waliotoka. Mathalani, mkiweka 12, yenye mbegu 11, vifaranga 9, kundi lenu ni jema. Mkiona yenye mbegu ni 6 tu, msiuze. Mtazameni jimbi kwanza. Huenda amezeeka, huenda makoo ni wengi mno, huenda utitiri umemdhoofisha.

8. Maneno ya kumwambia mnunuzi

Mwuzaji mwema humwambia mnunuzi mambo manne. La kwanza, tarehe ya mayai. La pili, baba na mama wa vifaranga ni kuku wa namna gani. La tatu, hesabu ya jaribio la mwisho, iliyo kweli. La nne, jinsi ya kuyatunza: ayachukue kwa mkono katika kikapu chenye pumba, wala asiyafunge juu ya baiskeli yakatikisike, akifika ayapumzishe siku moja, kisha ayaweke chini ya koo wakati wa jioni, 10 au 12 kwa koo mmoja wa kienyeji, na yakiwa makubwa 8 hata 10.

Asiahidi idadi ya vifaranga. Hilo si lake, kwa maana koo huweza kuacha kiota, na mvua huweza kuingia. Ahadi yake ni hii: yai ni jipya, wazazi wake ni wazima, na jimbi alikuwapo. Likionekana angavu siku ya 7, atatoa jingine.

Mama yule mjane alikuja tena mwaka uliofuata. Nalikuwa na mayai 10 mapya, na 5 ya siku kumi na mbili. Nikamwonyesha yote, nikamwambia ukweli wake. Akacheka, akasema, "Mwalimu, haya matano mle ninyi." Kati ya yale 10 walitoka vifaranga 9, na tangu hapo alinunua kwangu bila kuyatazama mayai. Siku alipoacha kuyatazama ndiyo siku iliyonitia hofu kuliko zote. Maana mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mnunuzi akikuamini hata asitazame, macho yote yaliyobaki ni yako.

Maswali

1. Kwa nini kosa la mwuza mayai ya kuatamia hujulikana baada ya siku nyingi?
2. Mayai 7 ya mama mjane yalikuwa na duara ya damu. Elezeni sababu yake.
3. Jimbi mpya ameingia katika kundi mahali pa jimbi mwingine. Kwa nini tungoje majuma matatu?
4. Kwa nini haifai kuosha mayai ya kuatamia?
5. Mfugaji ana makoo 35. Yampasa awe na majimbi wangapi?
6. Mfugaji aliweka mayai 40. Yenye mbegu yalikuwa 36, na vifaranga 30 walitoka. Katika kila mayai 100 yaliyowekwa, wangetoka vifaranga wangapi kwa kadiri hiyo?

Kazi ya kufanya: Leteni darasani yai moja la kundi lenye jimbi. Lipasueni katika sahani nyeupe, mkatafute doa lililo juu ya kiini. Lichoreni katika daftari, mkaandike kama lilikuwa na mbegu au halikuwa nayo.